TUIPE OPTOKAPLA REZISTA GANI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili na Chama cha Sayansi

Kuuliza si ujinga. Tangu muhula uliopita, kila ninapotoka maabara nikiwa na kile kibao chetu cha waya mkononi, huulizwa swali lile lile: "Wewe, hicho kidude cheusi chenye miguu minne ni cha nini? Na kwa nini mnabishana wiki nzima juu ya rezista moja ya shilingi chache?" Mhariri wa jarida hili naye akaniambia kwamba nikishindwa kulieleza jambo hili kwa Kiswahili, basi huenda hata mimi sijalielewa. Maneno yake yalinichoma kidogo, lakini ni ya haki. Basi nitajaribu. Walimu wetu wa Kiswahili watanisamehe kwa kutumia rezista badala ya kikinza. Kikinza ni neno zuri, lakini ukienda dukani ukaliomba, muuzaji atakutazama tu.

Kwanza niseme kazi yenyewe. Shule yetu ni ya kutwa, na kila mmoja wetu anazikumbuka zile siku za kubeba mtungi wa lita 5 kutoka nyumbani kwa sababu tangi limekauka. Kisha kuna siku za kinyume chake. Pampu inaachwa ikinguruma, tangi linajaa, maji yanamwagika mpaka yanafika uwanja wa voliboli, na bili ya stima inakuja vile vile. Mzee wetu anayetunza pampu hana lawama. Tangi liko juu ya mnara nyuma ya jiko, pampu iko bondeni, na kutoka kule bondeni tangi halionekani.

Chama cha Sayansi kikaamua kuweka swichi ya boya ndani ya tangi. Maji yakifika juu, boya linainuka, swichi inafunga, na umeme wa betri ya volti 12 unapita kwenye waya wa mita 60 hivi hadi ofisini. Huko ofisini kuna bodi ndogo ya Arduino ambayo inapiga king'ora kinachosikika hadi bondeni, na pia inahesabu tangi limejaa mara ngapi kwa wiki. Betri yenyewe inachajiwa na paneli ya sola.

Shida ni kwamba betri ni ya volti 12, nayo miguu ya bodi ile haitaki zaidi ya volti 5. Tena waya mrefu uliotandazwa nje hunasa mambo mengi: radi ikipiga mbali kidogo tu, volteji ya ghafla hupita ndani yake. Mwaka juzi fundi mmoja alitufungia kengele ya namna hii, akauunganisha waya wa nje moja kwa moja na kifaa cha ndani. Kengele hiyo ilidumu hadi mvua ya kwanza ya Aprili. Bodi tuliyo nayo sasa ni moja tu, na ilinunuliwa kwa michango ya wanachama. Ikiungua, hakuna nyingine. Kwa sababu hiyo tukaamua kwamba umeme wa nje usiguse bodi hata kidogo, na hapo ndipo optokapla inapoingia.

Fikiria majirani wawili waliotenganishwa na ukuta mrefu wa kioo. Mmoja ana tochi. Akiiwasha, yule wa pili anaona mwanga na kufungua mfereji wake wa maji. Hawagusani, hawapeani kitu mkononi, lakini habari imefika. Optokapla ni hivyo hivyo. Upande mmoja ndani yake kuna ledi, yaani ile taa ndogo isiyo na waya wa kuwaka kama balbu. Upande wa pili kuna transista inayohisi mwanga. Ledi ikiwaka, transista inapitisha mkondo. Ledi ikizimika, transista inafunga. Kati yao hakuna waya. Aina tunayoitumia, PC817, imetengenezwa kustahimili volti 5,000 kati ya pande zake mbili. Kwa hiyo mshtuko mdogo wa waya wa nje unaishia kwenye upande wa nje. (Radi ikiupiga mnara wenyewe, hilo ni jambo jingine, na optokapla haitatusaidia.)

Mwanga wa ledi hiyo ni wa infraredi, usioonekana kwa macho, tena umefungiwa ndani ya plastiki nyeusi. Kwa hiyo usitegemee kuona kitu chochote kikiwaka. Jambo hili lina maana kubwa, nami nitalirudia huko mwisho.

Sasa, kwa nini rezista? Balbu ya tochi ukiipa volti zake inatulia yenyewe. Ledi haijui kutulia. Chini ya volti 1 hivi haipitishi karibu chochote. Ikifika kama volti 1.2 inapitisha vizuri, na kutoka hapo ukiiongezea sehemu ndogo tu ya volti, mkondo unapanda maradufu na maradufu tena. Ukiiunganisha na betri ya volti 12 hivi hivi tu, inakufa kabla hujaondoa kidole. PC817 haifai kupewa zaidi ya miliampea 50 kwenye ledi yake. Rezista ndiyo inayosimama mlangoni na kusema: ni mkondo huu tu utakaopita, zaidi ya hapo hapana.

Hesabu yake sote wa Kidato cha Tatu tunaijua, maana ni kanuni ya Ohm. Huyu Georg Simon Ohm, kwa taarifa yenu, alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya mji wa Köln huko Ujerumani alipofanya majaribio yake, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1827. Unachukua volteji ya betri, unatoa volteji inayobaki kwenye ledi, kisha unagawa kwa mkondo unaoutaka. Jibu ni rezista kwa omu.

Wengi huishia hapo. Lakini tazama vizuri: "mkondo unaoutaka." Ni nani alikwambia unataka mkondo gani? Hapo ndipo tulipobishana wiki nzima. Mwenzangu mmoja alisema tuipe miliampea 20 kwa sababu ledi nyingi za kawaida hupewa 20. Mwingine akasema, kama mwisho wake ni 50, tuipe 40 ili tuwe na hakika. Mimi ninaona wote wawili walianza mahali pasipofaa. Mkondo wa ledi hauchaguliwi kwa kuitazama ledi. Unachaguliwa kwa kutazama ng'ambo ya pili, kwenye transista, ukiuliza: kule kuna kazi kiasi gani?

Basi twende kule kwanza. Kwenye bodi, mguu mmoja wa Arduino umeunganishwa na volti 5 kupitia rezista ya omu 10,000. Ledi ikiwa imezimika, mguu unasoma volti 5. Ledi ikiwaka, transista inauvuta mguu huo chini hadi karibu na sufuri, na bodi inajua kwamba tangi limejaa. Ili kuuvuta chini, transista inapaswa kupitisha mkondo wote unaoweza kuja kupitia ile rezista ya omu 10,000. Gawa 5 kwa 10,000 na unapata miliampea 0.5. Basi! Nusu miliampea ndiyo kazi yote iliyoko ng'ambo.

Kiungo kati ya pande hizi mbili ni kile ninachokiita uwiano wa mkondo. Unakuambia kwamba ukiipa ledi miliampea 100, tuseme, transista itapitisha ngapi. Watengenezaji hawatoi tarakimu moja, kwa sababu optokapla hazifanani hata zikitoka sanduku moja. PC817 isiyo na herufi ya ziada inaweza kuwa popote kati ya asilimia 50 na asilimia 600, ikipimwa kwa miliampea 5 za ledi. Zenye herufi zimechambuliwa: A ni asilimia 80 hadi 160, B ni 130 hadi 260, C ni 200 hadi 400, na D ni 300 hadi 600. Ukienda kununua, soma herufi iliyoandikwa mgongoni. Sisi tulipiga hesabu kwa ile mbaya kuliko zote, ya asilimia 50, ili hata ikiharibika na kuletwa nyingine yoyote, kazi isisimame.

Kwa miliampea 5 na asilimia 50, transista inaweza kupitisha miliampea 2.5. Tunahitaji 0.5. Tuna mara tano ya haja yetu. Kwa nini tusipunguze basi, tukaipa ledi miliampea 1 tu na kuokoa betri? Kwa sababu uwiano wenyewe hushuka ledi inapopewa mkondo mdogo sana, kwa hiyo ile asilimia 50 hatungekuwa nayo tena. Pia ledi huzeeka. Kadiri miaka inavyopita mwanga wake unafifia, na inazeeka haraka zaidi ikipewa mkondo mkubwa na joto. Wale wa miliampea 40 wangepata optokapla yenye nguvu nyingi mwaka huu na dhaifu baadaye, na wangekula betri bure. Miliampea 5 ni mahali pa katikati, tena ndipo mtengenezaji mwenyewe alipopimia. Nami napenda kusimama mahali palipopimwa.

Sasa ile hesabu ina maana. Volti 12 ukitoa 1.2 unabaki na 10.8. Gawa kwa 0.005 na unapata omu 2,160. Rezista ya omu 2,160 dukani hakuna. Rezista za kawaida huja kwa ngazi: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82, kisha zinarudi tena kwa kumi zaidi. Iliyo karibu ni omu 2,200. Rangi zake ni nyekundu, nyekundu, nyekundu, kisha dhahabu, rahisi kuliko zote kukumbuka. Ukiikosa, unganisha ya 1,000 na ya 1,200 kwa mfuatano. Au chukua mbili za 4,700 uziweke sambamba, utapata 2,350, nayo inatosha kabisa. Redio iliyokufa nyumbani kwenu ina hizi tele. Si lazima ufunge safari hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Lakini betri ya volti 12 si ya volti 12. Hili watu wengi hawalifikirii. Asubuhi baada ya siku mbili za mawingu inaweza kuwa 11, na saa saba mchana jua linapoichaji inafika 14.4. Kwa hiyo rezista inapimwa pande zote mbili. Kwa volti 11, inabaki 9.8 juu ya omu 2,200, yaani miliampea 4.45. Kwa volti 14.4, inabaki 13.2, yaani miliampea 6. Chini hatujapungukiwa, juu tuko mbali sana na 50. Joto nalo? Volti 13.2 mara miliampea 6 ni wati 0.08 hivi, na rezista ndogo ya kawaida ni ya robo wati, 0.25. Inatumia theluthi moja ya uwezo wake. Ukiigusa husikii moto.

Na ile volteji ya ledi je, kama si 1.2 bali 1.4? Kwa betri ya 12 mkondo unatoka 4.9 hadi 4.8, tofauti ambayo hata mita yetu ya maabara inaiona kwa shida. Kadiri chanzo kinavyokuwa na volti nyingi, ndivyo tabia za ledi zinavyopoteza maana. Ni tofauti na anayeendesha optokapla kwa volti 3.3, kama bodi nyingi za siku hizi. Yeye anabaki na 2.1 tu za kuchezea. Rezista yake ni ya omu 390, na ledi ikibadilika kidogo ataona.

Kama umepewa 4N25 badala ya PC817, usichukue tarakimu zangu hivi hivi. Ile ina miguu sita, na uwiano wake unaweza kuwa asilimia 20 tu kwa miliampea 10. Anza tena ng'ambo. Asilimia 20 ya 10 ni miliampea 2, zinatosha, basi ipe 10 hizo, na rezista inakuwa ya omu 1,000. Lakini betri ikifika 14.4, rezista hiyo inapokea wati 0.17, nayo itakuwa na joto. Tumia ya nusu wati.

Nimebakiza jambo la mvua, ambalo lilitupatia kazi kuliko hesabu zote hizi. Swichi ya boya inakaa ndani ya tangi, kwenye unyevu siku zote. Maji yakiingia kwenye viungo vya waya, umeme kidogo unapita hata kama swichi iko wazi. Tuseme unyevu huo ni kama omu 20,000. Mkondo unaopita ni karibu miliampea 0.5. Ni mdogo, ndio, lakini kwa optokapla yenye uwiano mzuri unatosha kuuvuta mguu wa bodi na king'ora kulia saa tisa usiku, tangi likiwa tupu. Dawa yake ni rezista ya pili, inayowekwa kati ya miguu miwili ya ledi yenyewe. Tuliweka nyingine ya omu 2,200. Kabla ledi haijapata volti zake 1.2, rezista hii inakuwa imekunywa miliampea 0.55, na ule mkondo wa unyevu unaishia kwake karibu wote. Swichi ikifunga kweli, ledi inapoteza hizo 0.55 na kubaki na 4.3 hivi. Ng'ambo bado tuna mara nne ya haja yetu. Mwaona sasa faida ya kutokwenda na hesabu ya kubana?

Sambamba na ledi tuliweka pia daiodi ndogo ya 1N4148, ikiangalia upande wa kinyume. Ledi ya PC817 haivumilii zaidi ya volti 6 ikigeuzwa, na siku moja lazima mtu ataunganisha betri kichwa chini miguu juu. Daiodi ile itaupitisha mkondo huo wa nyuma, ledi ibaki salama.

Msiunganishe hasi ya betri ya nje na hasi ya bodi. Ninalisema kwa herufi ndogo lakini kwa sauti kubwa. Nimeona michoro ambayo pande zote mbili za optokapla zinakutana kwenye waya mmoja wa hasi, ati kwa sababu "hasi ni hasi". Hapo optokapla imegeuka kuwa pambo. Ule ukuta wa volti 5,000 umetobolewa kwa waya wa shilingi tano.

Ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza wameniuliza kama wanaweza kutumia njia hii kujua stima ikipotea, kwa kuongeza tu rezista kubwa kwenye soketi ya ukutani. Tafadhali, hapana. Stima ya nyumbani ni volti 240, na vilele vyake hufika karibu 340. Rezista ya kuileta kwenye miliampea 5 ingekuwa inachoma zaidi ya wati moja mchana na usiku, na ile ya robo wati haikutengenezewa volteji hiyo. Zaidi ya yote, kosa moja la kidole ni mazishi. Tafuta chaja ya simu iliyo nzima. Inatoa volti 5 zilizokwisha kutenganishwa na ukuta. Volti 5 ukitoa 1.2 ni 3.8, gawa kwa 0.005 ni 760. Weka omu 680 upate miliampea 5.6, au 820 upate 4.6. Chaja ikiwa na uhai, ledi inawaka. Stima ikipotea, inazimika. Jirani yangu mmoja anayeangua vifaranga kwa mashine ya stima anataka nimtengenezee hiyo wakati wa likizo.

Nilisema nitarudia habari ya mwanga usioonekana. Ukishamaliza kuunganisha, utajuaje kwamba ledi ni nzima? Huna haja ya kukata waya ili upime mkondo. Funga swichi ya boya kwa mkono, weka mita kwenye miguu miwili ya rezista ile ya kwanza, usome volti. Kwa betri ya 12, ukisoma 10.8 hivi, ledi inafanya kazi. Ukisoma 12 kamili, ledi imeungana ndani na haifai. Ukisoma 6, ledi imekatika, na zile rezista mbili zimegawana betri nusu kwa nusu. Ukisoma 11.3 na alama ya kutoa mbele yake, umegeuza betri, na umeme unapita kwenye ile daiodi ndogo. Sufuri nayo maana yake ni kwamba umeme haufiki kabisa, basi panda mnarani ukakague viungo vya waya. Chukua na kitambaa kikavu.